Kati ya Kulungu na Hillary

Mbwa ndiye aliyeanza kuona, na laiti angekula tu akanyamaza. Wapi! Alirudi mbio kwa Jennifer utumbo mrefu ukimning'inia mdomoni, wa kijani na mwekundu, unatoa mvuke kwenye ile baridi ya asubuhi, akaulaza juu ya kiatu chake kama zawadi.

"Shindwe!" Jennifer akaruka.

Jennifer ni mhudumu wa wazee. Mbwa si wake, ni wa ajuza anayemtunza, na kila Jumanne asubuhi humtembeza kwenye kile kimsitu kilicho mwisho wa reli ya tramu, upande wa Croydon. Akafuata ule uchafu ulikotoka huku ameziba pua kwa skafu. Chini ya mti kulikuwa na rundo zima la matumbo. Na mbele kidogo, pembeni ya njia ya miguu iendayo kwenye tramu, mtu amelala kifudifudi, mshale umesimama kwenye nyonga yake.

Alimjua. Hillary, mume wa Ann, yule anayeimba besi kanisani kwao!

"Hillary! Yesu wangu, nini kimetokea?"

Macho yakafunguka nusu. "Amembeba yule," akakwaruza. "Mimi ameniacha."

Halafu akazima kama simu iliyoisha chaji.

Kesi ilimwangukia Makena, mpelelezi wa polisi, mzaliwa wa Meru, kwa sababu moja tu: kituo kizima hakuna mwingine aliyejua Kiswahili. Saa tatu asubuhi alikuwa amechuchumaa mbele ya lile rundo. Kando yake alisimama Emma, askari wa misitu, mama wa Kizungu aliyevaa buti za magoti.

"Ni ya kulungu," Emma alisema. "Amepasuliwa hapa hapa. Kuwinda kwa upinde ni haramu nchi hii, upinde wa aina yoyote, lakini hawa washenzi hawasikii."

"Unajuaje si kondoo?"

Emma akainua ini kwa kijiti. "Angalia pande zote. Kulungu hana nyongo. Hakuzaliwa nayo."

Ini lilikuwa laini kote, halina hata alama. Makena alilitazama sana. Kisha akaenda nyuma ya mti kutema mate.

Bosi wake alikuwa na shida nyingine. "Amembeba yule? Basi kuna majeruhi wa pili!" Wakaleta mbwa, wakaleta ndege isiyo na rubani, wakazunguka kimsitu siku mbili. Hawakupata mtu. Hillary naye alikuwa hospitali, amelazwa usingizi wa dawa, mipira puani.

Lakini walimpata Zein.

Zein ni kijana wa Mombasa, fundi wa friji, jengo moja na Hillary. Ana upinde. Kila Jumapili yuko klabu ya kulenga shabaha. Na kuna video, maanake siku hizi watu hawaamui ugomvi, wanarekodi: Zein yuko kwenye maegesho, anamfokea Hillary, "Wallahi siku moja nitakutoboa!"

"Utamtoboa na nini?" Makena alimuuliza kwenye chumba cha mahojiano.

"Magurudumu, dada! Gari lake laniziba kila siku. Nilikuwa nasema magurudumu!"

"Na upinde?"

"Wangu ni compound. Niletee nikuonyeshe."

Ukaletwa, umefungwa kwenye mfuko wa ushahidi: upinde wa chuma wenye kapi mbili, moja juu, moja chini. Zein hakuugusa, akaonyesha kwa kidole.

"Huu wauvuta kwa mkono wako, wauzuia kwa nguvu zako mwenyewe. Ukichoka, walegeza, yamekwisha. Sasa ule mshale wenu niliouona kwenye picha ni mfupi, nusu ya wangu na kitu kidogo. Nikiuweka hapa nikavuta, utaanguka ndani, unitoboe mkono wangu mwenyewe. Ule ni wa crossbow."

"Ile yenye kitako kama bunduki?"

"Ndiyo hiyo. Ile waikaza mara moja, yakaa imekazwa siku nzima, yangoja kidole tu. Yeyote aweza. Mie compound nilijifunza miezi sita kabla sijapiga karatasi. Crossbow mtu ainunua leo, kesho ajiita mwindaji. Na hawajui hata kuishika. Ukipandisha gumba juu, pale unapopita uzi, uzi waja kama gari moshi. Hauli nyama tu, wang'oa kucha. Klabuni kuna mzee hana kucha mpaka leo."

Makena alitaka kumwamini. Bosi alitingisha kichwa. "Mwenye upinde mmoja anaweza kuwa na miwili. Jumatatu nampeleka kwa waendesha mashtaka."

Walipomwachilia kwa dhamana, Zein alisimama mlangoni, hataki kutoka.

"Dada Makena. Karatasi zangu za kuishi hapa ziko kwenye lile jengo la uhamiaji la Croydon. Miaka kumi nazingojea. Wakiniandikia kesi ya kumpiga mtu mshale, hata kama nitashinda... Na mtaani washaanza kunihama. Nikiingia kwenye lifti, watu washuka."

Jumamosi kukawa na harambee ya kumsaidia Ann, kwenye ukumbi wa kukodisha karibu na stesheni. Makena alienda, nusu kama Mkenya mwenzao, nusu kama polisi. Moshi wa nyama ulimpokea barabarani. Nyuma ya jiko alisimama Elkana, jamaa wa kuuza mbuzi choma kwenye kila sherehe ya Wakenya kusini mwa London, aproni imejaa mafuta, kicheko kimejaa ukumbi.

"Madam Makena! Karibu, mbavu ndizo hizi. Leo hakuna kulipa. Nimetoa mbuzi wawili bure, kwa ajili ya ndugu yetu Hillary!"

Watu wakapiga makofi. Ann mwenyewe, macho yamevimba, alikuwa na sahani mkononi, mdomo unang'aa mafuta. Zein hakuruhusiwa ndani. Alikaa kwenye ngazi za nje, watoto wakampelekea nyama kwa kumwonea huruma.

Makena aling'ata ubavu. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Mbuzi gani huyu asiye na mafuta? Nyama nyekundu nzito, tamu kwa namna isiyo ya mbuzi. Akautema kwenye tishu taratibu, huku anatabasamu. Kando ya jiko kulikuwa na sinia la maini mabichi, yangali mazima.

"Elkana, ulichinja mwenyewe?"

"Mwenyewe! Kwa mzungu mmoja mwenye shamba."

"Na nyongo ulitoa?"

"Kwani mimi ni mgeni? Niliitoa mapema, polepole, isipasuke. Ikipasuka nyama yote inakuwa chungu."

Makena akaligeuza lile ini. Nyumbani alishaosha maini ya mbuzi mengi kuliko alivyowahi kufunga pingu, na nyongo huacha kitanda chake, huacha rangi, hata uitoe na mikono ya malaika. Hili lilikuwa laini kote, kama lile la msituni: kulungu mwingine tena.

"Na kidole?"

Gumba la kushoto la Elkana lilikuwa na bandeji nene. "Kisu, madam. Kazi ya nyama hii."

"Fungua nione."

"Ah, tuko kwenye chakula, watu watachafukwa."

"Fungua, Elkana."

Akafungua. Kucha haikuwepo. Gumba lote lilikuwa jeusi, limefura, limepondeka mpaka kwenye mfupa. Jennifer, aliyekuwa anapakua ugali, akasogea, akakunja uso. "Hicho si kisu. Kisu kinakata, hakipondi."

"Vani yako iko wapi?" Makena aliuliza.

Vani ilikuwa hapo nje, mlango wa nyuma wazi, watoto watatu wanacheza mchezo wa kujificha, mmoja yumo ndani. Makena akamtoa mtoto kwanza, kisha akainua turubai. Crossbow. Uzi umevutwa mpaka mwisho, mshale mfupi umo ndani, tayari. Jitu halikujua hata kuilegeza bila kuifyatua, likaizungusha hivyo London nzima, kwenye vani ambayo watoto wanachezea! Akawafukuza watoto, akafunga mlango, akamwachia Jennifer, aliyemfuata nje, aulinde, akaita gari la polisi. Halafu akarudi ndani na pingu.

"Nilikuwa nalenga kulungu," Elkana alianza, kabla hajaulizwa. "Aki ya Mungu. Mshale wa kwanza ulimpata, wa pili ukapita. Sikuona kama kuna njia nyuma."

"Hukuona, ukafyatua," Makena alisema. "Halafu ukafanya nini?"

"Nilisikia mtu anaita. Ndugu, ndugu, nisaidie. Kwa Kiswahili."

Ann aliweka sahani chini. "Ulimjua?"

Elkana akaanza kuifunga upya bandeji yake.

"Nimekuuliza, Elkana. Ulimjua mume wangu?"

"Ile sauti yake... nani asiyeijua, Mama? Lakini ningeita ambulensi wangekuja na polisi, na biashara yangu yote ni hiyo. Mbuzi wa hapa ni ghali, nyinyi wenyewe mnalalamika. Nikasema atapita mtu. Pale watu hupita."

Basi kulungu ndiye huyo "yule" aliyetafutwa na ndege na mbwa siku mbili.

"Ulisimama hapo," Makena alisema, "ukampasua mnyama, ukamwaga matumbo, mtu anakuita. Na ulipopata nguvu za kubeba, kati ya kulungu na Hillary, ukabeba kulungu."

"Halafu ukanilisha mimi," Ann alisema.

Mtu wa kwanza kutapika alikuwa mweka hazina. Baada yake hakuna aliyehesabu. Wengine walikimbilia choo, wengine kwenye pipa, mzee mmoja ndani ya kofia yake. Elkana alitolewa na polisi wawili katikati ya watu waliokuwa wakijifuta midomo, na hakuna aliyepata pumzi ya kumtukana.

Makena alipiga simu hapo hapo mlangoni. "Bosi, futa jina la Zein. Si Jumatatu, sasa. Na uniandikie barua rasmi, niipeleke kwa mkono kwenye jengo la uhamiaji."

Zein alisikia. Aliinuka kwenye ngazi, sahani ya karatasi mkononi, imebaki mifupa mitupu. Waliomhama kwenye lifti walikuwa wamesimama pale, kila mmoja anatafuta pa kuweka macho. Ann akawapita wote, akashuka mpaka alipokuwa.

"Zein. Uliila?"

"Niliila, mama. Watoto waliniambia mbuzi, halali."

Ann akaichukua ile sahani, akaitupa, akamshika mkono.

"Basi njoo, mwanangu. Tukatapike pamoja, halafu unisindikize hospitali."