Ndoa Imefutwa, Kirezi Hajafutwa

"Hapa Mbugangari hakuna anayejua mambo ya ndoa kunishinda mimi," alitamba Bibi Cansilde, akimtwika mjukuu wake beseni la karoti. "Nimeolewa mara mbili. Na mara zote mbili nimeachwa, basi usiniulize nilichojifunza!"

Kila Jumamosi Kirezi hucheka. Siku hiyo hakucheka. Walishika njia ya mpakani, Grande Barrière, karoti zilizooshwa zikimdondoshea maji shingoni.

"Wewe, umemeza ulimi?"

"Bibi, Shema wa darasani kwetu amesema mahakama ikibatilisha ndoa, ni kama haikuwahi kuwapo. Donc, basi na mimi sina baba. Afadhali Mama angepewa talaka tu."

Bibi alisimama, akatua beseni lake. Safari hii hakutania.

"Nisikilize. Talaka huvunja ndoa iliyokuwapo kweli. Ya mama yako haikuvunjwa. Mahakama imesema haikuwa ndoa tangu mwanzo, kwa sababu baba yako Sibomana aliapa mbele ya bendera siku ya kufunga ndoa kwamba hana mke, kumbe Goma, ng'ambo ya mpaka, anaye, wa ndoa kabisa. Mama yako alikutana na mke huyo sokoni, akimuuzia karoti hizi hizi! Lakini wewe hukufungishwa kama ndoa, wewe ulizaliwa. Sheria inakuhesabu mtoto wao wote wawili. Ndoa hufutwa, mtoto hafutwi."

Kirezi alitaka kuamini. Maneno yaliingia sikioni, moyoni yakakosa pa kukaa. Tangu baba yake aondoke, hakuwa amekanyaga tena kwao. Na kesho, huko Nyundo, Kirezi angepata kipaimara.

"Nipe simu, Bibi. Nimuulize mwenyewe."

Simu iliita sana, mwishowe ikapokelewa.

"Papa, mimi bado ni mtoto wako?"

"Eh! Swali gani hilo? Wewe ni wangu kabisa."

Kirezi alivuta pumzi, ya kwanza nzuri tangu asubuhi. "Basi kesho utakuja Nyundo?"

"Ningekuja, mwanangu, ila niko Kigali. Bon, kazi nyingi, halafu ni mbali..."

Mbele yao foleni ya wanaovuka kwenda Goma ilisogea. Katikati yake alisimama mwanamume mwenye koti la kijani ambalo Kirezi alilifua mara nyingi. Mkono mmoja ulishika simu sikioni. Mwingine ulishikwa na mtoto mdogo mwenye viatu vipya.

Bibi naye alimwona.

"Papa," Kirezi alisema taratibu, "geuka nyuma."

Mwanamume yule akageuka, simu bado sikioni.