Kiganja cha Vidole Vinne

Debuli alipokumbuka kwamba bado hajavuna asali, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kufunga mizigo siku ile tu, bali wa miaka sita ya kumwinua mama mkwe wake kitandani, kumgeuza, kumkanda mgongo kwa mafuta ya haradali. Bibi kizee alifariki miezi mitatu nyuma, wakati wa mvua. Kesho asubuhi Lalit, mwanawe Debuli, angekuja na gari kumchukua, wakaishi wote mjini Haldwani. Huko atalala. Hakutaka kingine duniani.

Mzinga wao, kama mizinga yote ya kijijini, ulikuwa ndani ya ukuta wa chumba, juu tu ya kitanda cha marehemu. Nyuki huingilia tundu la nje. Watu hufungua ubao wa ndani. Ukishavuna unaurudisha ubao, unaukandika kwa udongo na samadi mbichi, kisha mwenye nyumba anabandika kiganja chake. Cha mwaka jana kilikuwa cha bibi kizee. Kilikuwa na vidole vinne, maana kile kidogo kilikatwa na mundu tangu ujana wake.

"Leo unabandika wewe," alisema jirani yake Khimuli, ameshika tambara linalofuka moshi. "Umekuwa mwenye nyumba, shoga, siku moja kabla ya kuikimbia!"

"Puliza moshi, acha maneno."

"Lalit atakulaza kwenye godoro la sponji, utatusahau."

"Hata kwenye mawe nitalala, Khimuli. Mradi nisiamshwe."

Debuli akachomeka kisu pembeni mwa ubao. Kiganja cha udongo kikapasuka katikati, kikaanguka kitandani.

Harufu ikatoka.

Haikuwa ya asali. Ilikuwa ya mafuta ya haradali.

"Mbona nyuki kimya?" Khimuli alinong'ona.

Walikuwa wamejaa mle, mamia kwa mamia, na hakuna hata mmoja aliyevuma. Debuli alikata sega la kwanza, akaliweka kwenye sufuria. Akakata la pili. Mikono ilikuwa mizito...

Ko. Ko. Ko.

Kisu kikamponyoka.

"Nyuki hao," alisema Khimuli, lakini alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

Debuli akautegea ukuta sikio. Miaka sita alikuwa ameamshwa na mlio huo. Bibi kizee aligonga ukuta kwa kikombe chake cha shaba, mara tatu, akitaka maji. Usiku wa mwisho aligonga vilevile. Debuli alisikia. Mwili ulikataa kuinuka, naye akasema gizani, "Subiri kidogo, mama." Kisha akalala. Alipoamka kulikuwa kumekucha, na mdomo wa marehemu ulikuwa wazi, mkavu. Hilo hakumwambia mtu. Na kile kikombe walikitafuta mpaka chini ya kitanda, hakikuonekana.

Akaingiza mkono ndani zaidi. Vidole vikagusa kitu cha baridi.

Akakivuta.

Kikombe cha shaba.

Masega yalikuwa yamejengwa kukizunguka pande zote, yanachuruzika asali. Ndani yake hamkuwa na tone. Kilikuwa kikavu kama majivu.

"Nani alikitia humo?" Khimuli aliuliza. "Ubao si ulikuwa umekandikwa tangu mwaka jana?"

"Ulikuwa umekandikwa."

"Basi funga! Funga, Debuli!"

Alifunga. Alikandika udongo, akabandika kiganja chake: vidole vitano, alivihesabu. Khimuli akaondoka bila kuaga, hata sega lake hakuchukua. Debuli akajaza kikombe maji, akakiweka chini ya ubao. Aliogopa, ndiyo, lakini alichoka zaidi ya alivyoogopa. Akalala palepale sakafuni.

Kulipopambazuka, honi ililia barabarani.

"Mama! Tuwahi kabla bonde halijajaa ukungu!"

Debuli akabeba furushi lake na sufuria ya asali. Mlangoni akageuka, mara moja tu.

Kikombe kilikuwa kitupu.

Panya, alijiambia. Panya hunywa maji. Kisha akainua macho kwenye ubao. Udongo ulikuwa umekauka vizuri, bila ufa hata mmoja, na kiganja kilikuwa wazi kabisa.

Vidole vinne.

Akautazama mkono wake. Vitano vilikuwepo. Akakikunja kile kidogo. Hakikuhisi kitu.

Ko. Ko. Ko.

"Mama, unafanya nini huko?" Lalit aliita.

Debuli aliweka furushi chini. Magoti yakalia alipoinama kuokota kikombe. Mtungi wa maji ulikuwa palepale ulipokuwa miaka yote sita.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema, na alijua mwenyewe jinsi neno hilo 'kidogo' lilivyo refu katika nyumba ile.