Shimo Lililonyweshwa Maji

Kitendawili, wajukuu zangu! Amelala nje mchana na usiku, kila mtu anamkanyaga na wala hanung'uniki. Lakini akiugua yeye, tunaolala njaa ni sisi. Nani huyo? Msikimbilie kujibu, bado sijadai mji. Sikilizeni kwanza habari za Kiwembe.

Kiwembe alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa ukali wa ulimi wake. Kila akitoka shule alivua sare, akabeba sinia la mayai ya kuchemsha na ndoo ya maji, akaenda shimoni. Shimo lenyewe lilikuwa katikati ya barabara ya vumbi, barabara pekee iliyoingia kijijini kwao. Malori yakifika pale yalipunguza mwendo, na wachuuzi waliyarukia madirishani: "Mayai! Mayai ya moto!"

Sasa oneni vituko. Kila shimo lilipofukiwa, wachuuzi walilifukua. Tena walilijaza maji ili dereva asione kina chake, aingie kwa kunyata. Kazi hiyo waliiita "kulinywesha shimo", na ilifanywa kwa zamu, kama zamu ya kufagia darasa.

Dereva wa lori la nyanya, mtu mpole, alikuwa mteja wa Kiwembe. Siku moja, akimenya yai, alichungulia chini.

"Mpwa wangu, mvua hatujaiona tangu mahindi yavunwe. Haya maji yanatoka wapi?"

"Muulize shimo, mjomba! Mimi nauza mayai tu."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Dereva akatikisa kichwa, akaondoa gari.

Jioni ile ilikuwa zamu ya Kiwembe na rafiki yake Gumzo.

"Ongeza jembe kidogo," alisema Gumzo. "Siku hizi wanatupita kama hawatuoni."

Kiwembe alichimba mpaka jembe likagonga mwamba. Kisha akamimina maji, shimo likatulia kama kidimbwi cha bata.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama yake Kiwembe alipakia matenga ya nyanya za shamba la chini kwenye lori la yule dereva mpole. Fedha zote za kununulia mabati ya nyumba yao zingetoka kwenye matenga yale. Akapanda mbele, kando ya dereva. Kiwembe alikuwa jikoni akichemsha mayai aliposikia mlio, kwaa! kama mti unaovunjika. Halafu mayowe.

Alitoka mbio, mwiko mkononi. Lori lilikuwa limelala ubavu. Na maji ya shimoni yalikuwa mekundu. Mekundu pyu! Akalikimbilia akiita, "Mama! Mama!"

Mkono ukamshika bega. Alikuwa mama, kitambaa kimemvuka kichwani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mimi mzima. Dereva naye mzima. Ni nyanya, mwanangu. Ni nyanya tu."

Kisha mama akaketi palepale barabarani, katikati ya nyanya zilizopondeka, akashika kichwa.

Lori lilivutwa likaenda zake, dereva akaacha kuja. Wenzake walipopata habari nao wakaihama njia ile. Kijiji kikapigwa na butwaa. Sukari dukani ilipanda bei, kisha ikaisha. Zahanati ikakosa dawa. Mwalimu akafundisha bila chaki. Nyanya za shamba la juu zikaanza kuwa nyekundu, na wa kuzibeba hayupo. Na shimoni? Kiwembe alisimama na sinia lake mpaka jua likachwa. Waliopita ni mbuzi, na mbuzi hali mayai.

"Mama, hata chaki huletwa na malori?" aliuliza aliporudi.

"Ulidhani inaota shambani? Gari likikwama, wewe unauza yai moja. Gari likipita, kijiji kizima kinauza, kinanunua, kinatibiwa, kinasoma. Barabara ikiugua ndio tunalala njaa hivi. Sote tulijua habari za shimo, nami nikiwamo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi tumeingia kijiji kizima."

Kesho yake watu walibeba mawe na kokoto, wakalijaza shimo, wakashindilia. Kiwembe alibeba kokoto kwa ndoo ileile. Dereva akapelekewa ujumbe: nyanya zinaoza, tafadhali.

Alikuja, lakini kwa miguu. Alipafikia pale, akapakanyaga kwa kisigino, akapakanyaga tena. Kisha akawatazama.

"Kazi nzuri. Lakini gari siwaletei mpaka nijibiwe. Mvua haikunyesha. Yale maji yalitoka wapi?"

Wakubwa wakatazama vidole vya miguu yao. Gumzo akajificha nyuma ya watu.

Kiwembe akasogea mbele, akaiweka ndoo chini, miguuni pa dereva.

"Yalitoka humu, mjomba. Niliyamwaga mimi."