Mlango Uliotoka Karungu

Mlango mpya ulikuwa na joto. Teresa aligundua hilo asubuhi ya pili, alipouegemea akimfunga Jared mgongoni. Jua lilikuwa halijafika upande ule wa nyumba, na ukuta wenyewe ulikuwa baridi, lakini mbao zile zilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Aliondoa kiganja, akakirudisha. Hakumwambia mumewe.

Waliishi Magunga, ukingoni mwa bonde ambako mbung'o walikuwa wengi kuliko watu. Mwaka huo wa 1964, ugonjwa wa malale uliingia nyumba nyingi. Akeyo, binti yao wa miaka saba aliyejibu "Sawa, mama" kila alipotumwa, alianza kusinzia darasani, kisha kwenye chakula, kisha akawa analala mchana kutwa. Mwezi wa tano walimzika. Madirisha yalikuwa yameliwa na mchwa na mlango ulikuwa haufungi sawasawa, kwa hiyo Elijah, mumewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaapa kwamba mbung'o hataingia tena humo kumfuata Jared, mtoto wa miezi minane.

Alianza kwa Suleman, fundi seremala wa Homa Bay. Mzee yule alimpeleka kwenye nyumba mbili alizozitilia milango miaka kumi nyuma, akamwambia aifungue na kuifunga kwa mkono wake mwenyewe. Ilifunga bila kelele.

"Nipe wiki sita, mwalimu," Suleman alisema. "Mbao nilizo nazo bado zina maji. Nikikufungia leo, mvua ikija zitapinda."

"Wiki sita, mzee? Nitakuwa nimezika mwingine."

Akaenda Migori. Huko mchuuzi mmoja, Wangwe, alikuwa na mlango wa mvule na madirisha mawili yenye wavu, vyote tayari. Elijah aliuliza vimetoka wapi. "Kwa mfanyabiashara mmoja aliyehama," Wangwe alijibu, macho yake yakiwa barabarani. Elijah aliona macho yale yakimkwepa. Hakuuliza tena; alilipa, akavipeleka nyumbani.

Siku ya tatu tangu mlango utiwe, saa tisa alasiri, saa ambayo Akeyo alizoea kurudi kutoka shule, mlango uligongwa. Uligongwa chini, pale mkono wa mtoto unapofika.

"Mama, nifungulie."

Teresa aliacha ungo ukaanguka. Alifungua. Nje hapakuwa na mtu, ila hewa baridi ilimpita magotini ikaingia ndani, ikiwa na harufu ya samli, ile aliyokuwa akimpaka Akeyo nywele siku za Jumapili. Teresa alikaa chini pale mlangoni akalia mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kilio kile kilimpa nafuu.

Ikawa kila alasiri. Alifagia mapema, akavaa kitambaa safi, akangoja. Sauti ikaita, naye akafungua. Baada ya wiki moja hewa ile ilikuwa na uzito. Aliisikia ikikaa karibu naye kwenye mkeka. Na Jared, aliyekuwa akitambaa kila mahali, akaanza kusinzia. Alilala akinyonya. Alilala mikononi, shingo imelegea, na alipoamshwa alifungua macho kidogo tu kisha akayafumba.

Elijah alimkimbiza hospitali Homa Bay. Walimpima damu, wakampima tena. Hawakuona kitu.

Siku waliyorudi, Elijah alikuwa nyuma ya nyumba akinawa miguu aliposikia mlango ukigongwa, akamsikia mkewe akisema kwa upole, "Nakuja, mama," na alipochungulia kwenye wavu wa dirisha akamwona anafungua, akaona mkeka ukibonyea mahali ambapo hapakuwa na mtu, na ule mbonyeo ukisogea taratibu, ukisogea kuelekea pale Jared alipolazwa, mpaka blanketi la mtoto likashuka lenyewe kifuani pake kana kwamba mtu anataka kulala naye, na harufu ya samli ikamfikia yeye pale dirishani, chini yake ikiwa na harufu nyingine, ya kitu kilichofungiwa muda mrefu.

Kesho yake alfajiri aliondoka na baiskeli kwenda kwa Suleman.

Mzee alikuja. Hakuingia. Alisimama nje, akapitisha vidole kwenye bawaba, akafumba macho.

"Mlango huu naujua," alinong'ona. "Wangwe aliniletea mimi kwanza, nikaukataa. Umetoka nyumba moja kule Karungu. Watoto watatu walifia humo usingizini, mmoja baada ya mwingine. Ndani yake mna jini, mwalimu. Huchukua sauti ya yule unayemlilia."

"Uondoe, mzee. Uondoe sasa hivi."

"Nikiung'oa hivi hivi, mlango utatoka na kitu kitabaki. Hakifukuzwi na mgeni. Kinafukuzwa na aliyekikaribisha." Akawatazama wote wawili. "Nani alikuwa akikifungulia?"

Teresa alimkumbatia Jared. "Ni mimi," akasema.

Walingoja. Saa tisa ilipofika, Suleman alikuwa nje akisoma dua kwa sauti ya chini, nyundo mkononi, na ndani Elijah alikuwa amemshika mkewe bega. Mlango uligongwa, ingawa Suleman aliyekuwa mbele yake hakuona mkono wowote.

"Mama, nifungulie."

"Leo sifungui," Teresa alisema.

"Mama, kuna jua kali huku."

Teresa aliuma kanga yake. "Nenda, mwanangu. Nenda ukapumzike."

"Usikiite mwanangu!" Suleman alisema kutoka nje. "Kikate, mama. Kiambie si mtoto wako."

Jared alikuwa mzito mikononi mwake, midomo imeanza kupauka. Teresa alimtazama. Kisha akaweka mdomo karibu kabisa na zile mbao zenye joto.

"Wewe si mtoto wangu," alisema. "Sikukuzaa. Sikujui. Usirudi hapa."

Suleman aliacha kusoma. Halafu, taratibu, wote watatu wakasikia:

"Sawa, mama."

Vishindo vya miguu midogo vilishuka ngazi, vikapita uani, vikapotea njiani. Jared alikohoa, akalia kwa nguvu zake zote, akitafuta titi.

Suleman aling'oa mlango na madirisha, akavichoma shambani. Wiki sita baadaye alileta vya mninga mkavu, vilivyofunga bila kelele. Jared alikua akawa mnene, mtundu.

Lakini Teresa hakupona. Jioni moja Elijah alimkuta amekaa gizani, mikono mapajani.

"Mama Jared, limekwisha," alimwambia. "Lile lilikuwa jini. Mzee alitwambia."

"Nimesikia alivyosema."

"Basi unalilia nini?"

Teresa aligeukia mlango.

"Jini lingekasirika, baba Jared. Lingevunja mlango, lingetutukana. Yule nilimwambia simjui, akasema sawa, mama." Alivuta kanga usoni. "Nani mwingine aliwahi kunitii namna ile?"