Fundi Asiyegeuka Nyuma

– Chukua baiskeli yako. Nimekuja kuirudisha.

Fundi alikuwa amechuchumaa chini ya gurudumu lililoning'inizwa kwenye ndoano, akinyoosha spoki. Hakuinuka. Alitazama kwanza tairi mbili zisizo na upepo, kisha vumbi la kwenye siti, kisha viatu vya mgeni, na mwisho kabisa ndipo akapata ujasiri wa kuangalia uso. Miaka sita!

– Mapazia, alisema.

Duniani kote ni yeye tu aliyemwita hivyo, kwa sababu alishona mapazia. Yule dada aliposikia jina lile akajikaza.

– Usiniite hivyo. Kuna mtu anataka kunioa, na leo saa kumi nampa jibu. Siwezi kuingia kwake huku stoo ya shangazi ina baiskeli ya mwanamume mwingine.

– Si ya mwanamume mwingine. Ni yako. Niliiunga kwa mikono yangu, kipande kwa kipande.

– Ndiyo maana nairudisha.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

– Anafanya kazi gani?

– Daktari wa meno.

– Mtu mzuri?

– Hana kasoro.

– Haya. Ila utaratibu wa hapa unaujua. Sipokei baiskeli bila mwenyewe kuiendesha mbele yangu. Mpaka daraja la reli na kurudi.

– Fundi, usiniletee vituko!

– Juzi kaja bibi wa miaka sabini, naye kaendesha.

Hapo hakudanganya. Utaratibu ule aliuanza tangu siku ya kwanza ya duka, maana baiskeli, alisema, husema ukweli ikiwa na mwenyewe tu. Mapazia akaangalia saa. Saa nane na nusu. Muda ulikuwepo. Akajiambia anakubali ili yaishe, na huo, jamani, ulikuwa uongo mtupu.

Fundi alijaza upepo, wakatoka.

Njia ile ya mtoni haina mlima hata mmoja. Inaambaa na maji kuanzia nyuma ya karakana, inapita kiwanda cha kufua nguo kinachotoa mvuke mchana kutwa, inapita bustani ya kuuzia miche, inachungulia majiko ya watu kwa nyuma, na kufika kwenye daraja la reli bila kumtoa mtu jasho. Kila Jumamosi saa moja asubuhi, kwa miaka minne, walipita hapa wawili. Fundi mbele, Mapazia nyuma.

Kila kona ilikuwa na lake. Pale kwenye ngazi za mawe ndipo kiatu chake kilipochomoka kikaenda na maji, akacheka mpaka akakaa chini. Fundi alimvua kiatu kilichobaki, akamvalisha vyake vya namba arobaini na tatu, akaendesha pekupeku hadi nyumbani. Hakusema neno. Nyayo zilimvimba siku mbili. Mapazia alipokumbuka hilo, machozi yalimlengalenga. Akajionea hasira.

Na baiskeli nayo ilikuwa imeanza kulia. Kwii. Kwii. Kwii. Kutu ya miaka sita stoo ilikuwa imerudisha ule mlio wa zamani, kila pedali na kelele yake. Na mbele yake mgongo ulikuwa ule ule: mpana, umenyooka, haugeuki.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa shangazi, aliyemlea tangu baba yake afariki:

"Daktari kafika mapema!! Kaja na shati jeupe kama anayeleta mahari. Vaa lile gauni la bluu. Usituangushe mwanangu."

Alisoma, akatazama ule mgongo. Miaka minne alimfuata mtu ambaye, mpaka Jumamosi ya mwisho, hakuwahi hata kugeuza shingo aone kama yuko hai. Akafunga breki ghafla, akatia mguu chini, akanyamaza. Aende! Afike darajani peke yake na utaratibu wake!

Fundi naye akasimama papo hapo. Hakuwa amegeuka.

– Umeumia? alipaza sauti.

Mapazia alibaki mdomo wazi.

– Umejuaje nimesimama?

– Imenyamaza.

– Nini kimenyamaza?

– Baiskeli.

Fundi aliikokota yake kurudi, akawa anakwangua rangi ya usukani kwa ukucha. Wakati mwingine ungemwona mtu mzima na ndevu zake, ungedhani ameitwa mbele ya darasa.

– Njia hii ina watu, ina watoto, ina mbwa, alisema. Mtu wa mbele lazima aangalie mbele. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakusikiliza. Ukichoka, mlio unapungua, napunguza mwendo. Ukifurahi, unakwenda harakaharaka, najua unacheka. Nisingeweza kuutoa ule mlio. Ningekujuaje?

– Miaka minne, Fundi?

– Nilidhani unajua.

– Ningejua kwa lipi? Wateja wako wote wanapita hapa baiskeli kimya, na mimi mchumba wa fundi napita nalia kama panya aliyebanwa na mlango! Watu walicheka. Nilikwambia mara mbili. Ukanijibu, "Iache tu." Iache tu! Hapo mtu aelewe nini? Nilielewa kwamba mimi ndiye unayeniacha tu.

– Ndiyo ukaitia mafuta.

– Mafuta ya cherehani! Nilichukua kopo la kazini nikajitilia mwenyewe, nikasema leo ataona, atauliza, tutazungumza. Jumamosi ile uligeuka, ukaniona, ukavimba uso kama umekanyagwa. Hukusema neno mpaka darajani. Nikaona kumbe huyu anakasirika kwa kutengenezewa alichoshindwa kunitengenezea. Nikaenda zangu kwa shangazi, sikurudi tena.

Fundi alikaa kwenye ukuta mfupi wa mto.

– Nilianza safari sisikii kitu. Nilidhani hujaja. Kugeuka, uko nyuma yangu, kimya. Nikajua umechoka kusikilizwa. Nikajua unaniambia basi.

– Na hukuuliza.

– Sikuuliza.

Mapazia alilia sasa, bila kujificha. Aliililia ile miaka minne aliyopendwa bila habari, na sita aliyoitupa kwa kopo la mafuta. Waendesha baiskeli walipita, mmoja akapiga kengele wampishe.

– Sikiliza, alisema akijifuta. Ulinipenda kwa masikio. Asante. Lakini mimi nilitaka mdomo. Daktari ananipigia kila asubuhi, ananiambia ananipenda, najua niko wapi. Wewe nikurudie, nikae tena nikibahatisha?

Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

– Nakupenda, alisema. Mbovu mimi. Nilikupenda jana, juzi, na siku uliyoondoka. Sijui kusema. Nitajifunza.

Mapazia akatoa simu.

– Daktari? Ndiyo, ni mimi. Nisikilize tafadhali, usinikatize. Jibu langu ni hapana. Hujanikosea kitu. Moyo wangu uko kwa mtu mwingine, na nimeujua sasa hivi, njiani. Nisamehe.

Upande wa pili ilijibu sauti ya upole:

– Nashukuru umenipigia mwenyewe. Acha nimuage shangazi.

Hilo lilimchoma kuliko angetukanwa. Hazijapita dakika tano, simu ikaita tena.

– Wewe mtoto! Mtu wa watu kaondoka hajagusa hata chai! Nani huyo aliyekuroga?

– Fundi, shangazi.

– Yule bubu?

– Tunakuja.

Fundi alishtuka.

– Tunakuja wapi? Hivi nilivyo?

– Hivyo hivyo. Na mimi sitakusaidia neno.

Saa kumi na nusu walikuwa sebuleni. Shangazi alikaa wima kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe alivyovidarizi mwenyewe, mikono imekunjwa, chai ya daktari ikipoa mezani.

– Sema kilichokuleta.

Fundi alimgeukia Mapazia. Mapazia akaangalia dari. Jasho lilimtoka Fundi, kofia ikazunguka mikononi mara tatu.

– Shangazi, nampenda binti yako, alisema, kwa sauti kubwa mno hata jirani akafunga redio. Nilimpenda, nikanyamaza, nikampoteza. Kosa ni langu. Nimekuja kuomba nimuoe. Na kama hukusikia vizuri, nitasema tena.

Shangazi alimkagua kuanzia viatu hadi nywele. Akamtazama mpwa wake, akaona uso ambao hakuuona kwa miaka sita. Akashusha pumzi.

– Nimesikia, mtaa mzima umesikia. Keti basi, mwanangu. Ila si hapo! Toa hicho kitambaa cheupe kwanza, una grisi mpaka masikioni.