Ukuta wa Ghorofa ya Tano

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Naliaka alisimama mlangoni mwa chumba chao katika mtaa wa Bondeni akahesabu ghorofa. Juu ya mapaa ya mabati yaliyojaa masizi ya garimoshi, jengo jipya lilikuwa limechomoza kama mtu mrefu aliyesimama katikati ya watu waliochuchumaa. Mwezi wa Machi mwaka huo wa 1957 lilikuwa na ghorofa mbili. Kufikia Agosti lilikuwa na nne, na ya tano ilikuwa inaanza. Wakulima waliokuja mjini na mahindi yao walisimama barabarani wakalitazama mpaka kofia zikawadondoka, kisha wakaziokota na kutazama tena.

"Unahesabu nini kila siku, Mama? Unafikiri zimepungua usiku?" baba yake alimtania. Fundi Khaemba alimwita binti yake Mama kwa sababu alikuwa amepewa jina la nyanya yake, aliyemzaa fundi mwenyewe.

"Nahakikisha tu, Baba."

Alikuwa na sababu ya kuhakikisha. Baba yake ndiye aliyejenga ukuta wa mbele, ule ulioitazama barabara kuu. Mzee Ogola, nyapara wa kazi, alikuwa ameahidi kwamba ghorofa ya tano ikimalizika vizuri atachagua fundi mmoja wa kwenda naye Nairobi. Huko, alisema, majumba yalikuwa yakiota kila mtaa, mengine ya ghorofa kumi, na mtu akikaa mwaka mmoja bila kufika mjini hautambui tena. Bondeni nzima ilijua kwamba fundi huyo atakuwa Khaemba.

Kila Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, Khaemba alitoa pimamaji yake kwenye kipande cha blanketi. Ilikuwa ubao mrefu wa mti mgumu, na katikati yake kichupa cha kioo chenye maji na kipovu kimoja cha hewa. Aliiweka juu ya meza, akatazama kipovu kimekwenda upande gani. Kilikwenda upande wa mlango, maana meza yao ilikuwa imeinama kidogo kuelekea dirishani. Kisha aliigeuza, mwisho wa kulia ukaja kushoto. Kipovu kilikwenda tena upande wa mlango.

"Umeona? Imesema neno lile lile mara mbili," alimwambia Naliaka. "Kosa ni la meza. Kama ingebadilisha maneno baada ya kugeuzwa, ningejua kosa ni lake."

Shida ilianza Jumapili moja, wazazi wake walipokuwa bado kanisani. Chemutai, rafiki yake wa darasani, alikuja kumtembelea. Baba yake Chemutai alikuwa karani kwenye ghala la mahindi, na Chemutai hakuacha mtu asahau.

"Baba yangu anaandika," alisema. "Wako anabeba mawe tu, kama punda wa Njoro."

"Punda anajua kupima?" Naliaka aliuliza, uso umemchemka.

"Kupima nini?"

Naliaka aliingia ndani akafungua mfuko wa baba yake. Alijua haruhusiwi. Alitoka na pimamaji, akamwonyesha Chemutai kipovu kinavyotembea. Akaiweka juu ya ukingo wa mfereji wa maji ili kumthibitishia kwamba hata mfereji wa manispaa umejengwa upande. Hapo wakaanza kunyang'anyana, kila mmoja akitaka kuishika yeye. Pimamaji ikawaponyoka, ikagonga saruji.

Waliiokota. Kioo hakikuvunjika, lakini plasta iliyokishika kichupa ilikuwa imepasuka, na kichupa kilicheza ndani ya ubao kama jino la mtoto.

"Ni nzima," Chemutai alisema haraka. "Wewe nyamaza tu. Mimi naenda nyumbani."

Naliaka aliyeyusha nta ya mshumaa, akaimimina pembeni mwa kichupa, akaisugua na vumbi ili ifanane na plasta. Kabla haijaganda aliweka pimamaji juu ya meza, akakisukuma kichupa kwa kidole gumba mpaka kipovu kikakaa katikati kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikiona kila alipompelekea baba yake chakula kazini. Aliifunga kwenye blanketi, akajiambia kwamba mambo yamekwisha.

Asubuhi ya Jumatatu walikuwa wanakunywa chai. Naliaka alipokuwa akimmiminia baba yake, alimwaga kidogo. Chai haikusimama. Ilitiririka polepole juu ya meza kuelekea dirishani, ikadondoka chini.

Naliaka aliitazama chai ile. Meza ilikuwa imeinama. Yeye alikuwa amekilazimisha kipovu kikae katikati juu ya meza iliyoinama.

Baba yake alinyoosha mkono kuchukua pimamaji, aifanyie mtihani wake wa kila juma. Wakati huo huo mlango ukagongwa. Alikuwa Kemboi, fundi kijana kutoka Subukia aliyejenga ukuta wa ubavuni, ule uliokutana na wa Khaemba kwenye kona.

"Fundi, Mzee Ogola anakuita. Lori la mawe limefika na hakuna wa kuonyesha yashushwe wapi."

"Mapema hivi?" Khaemba aliinuka, akatupa mfuko begani. "Haya, twende. Pimamaji haijawahi kunidanganya. Itangoja Jumatatu nyingine."

"Baba," Naliaka alisema.

"Nini, Mama?"

Naliaka aliutazama mfuko begani mwake. "Usichelewe kurudi."

Alicheka, akaenda.

Siku hiyo Naliaka hakukaa chini vizuri hata mara moja. Kupitia dirisha la darasa aliliona jengo, na juu yake watu wadogo kama sisimizi wakipokezana mawe. Mchana ukuta wa mbele ulikuwa umepanda safu moja. Jioni zilikuwa mbili. Alijiambia atasema jioni, kisha akajiambia atasema asubuhi. Jumanne zilikuwa safu nne. Alitamani mvua inyeshe, au simiti iishe, au lori la mawe likwame kwenye tope la Njoro. Jua liliwaka tu, na jengo likaendelea kupanda. Kila jiwe lililowekwa lilifanya maneno yake yawe mazito zaidi kuyasema.

"Naliaka," mwalimu aliita, "ubao uko huku mbele. Hapo nje kuna nini, mume wako?"

Darasa lilicheka. Naliaka hakucheka.

Jumatano jioni Khaemba aliingia bila kusalimu mtu. Alinawa mikono kwa muda mrefu, simiti ikikataa kutoka kuchani.

"Kuna nini?" mama yake Naliaka aliuliza.

"Safu hazikutani kwenye kona. Mawe yangu na ya Kemboi yamepishana vidole viwili. Kijana ameniharibia ukuta."

"Una hakika ni yeye?"

"Mimi nimejenga miaka kumi na minane. Yeye ana miwili. Mzee Ogola hakuuliza mara mbili. Kemboi amepewa hadi Ijumaa, kisha arudi kwao. Ijumaa mchana zege la juu linamwagwa, na likishamwagwa hakuna kurekebisha. Tutabaki na kona iliyopinda, na kila mtu atakayepita barabarani ataiona."

Naliaka alikuwa na tonge la ugali mkononi. Alilirudisha sahanini. Baba yake aliliona, akadhani ni ugonjwa, akamwambia mama yake ampe maji ya moto.

Alhamisi, akitoka shuleni, alimkuta Kemboi pale pale kwenye mfereji, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa ameweka pimamaji yake kwenye ukingo wa saruji. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hujambo, binti wa fundi," alisema. "Njoo unisaidie, macho yako bado mapya. Kipovu kiko upande gani?"

"Upande wa barabara."

Kemboi aliigeuza. "Na sasa?"

"Upande wa barabara," Naliaka alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi inasema kweli. Nimeigeuza mara mia tangu jana, na mara zote inasema kweli." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwa hiyo aliyeharibika ni mimi. Labda mikono yangu ilitakiwa kukamua ng'ombe wa mzungu, kama baba yangu. Kesho nitamwambia mzee wangu nimerudi. Sijui nitaanzaje. Alimwambia kila mtu kanisani kwamba mwanawe anajenga nyumba inayogusa mawingu."

Naliaka aliondoka bila kuaga. Alifika nyumbani, akatoka tena, akazunguka nyumba mara tatu. Baba yake alirudi kiza kimeingia, akala, akalala mara moja. Asubuhi Naliaka alipoamka, kitanda cha baba yake kilikuwa kitupu na mfuko haupo. Safari hii hakuhesabu ghorofa. Alivaa sare yake ya shule, akaanza kukimbia, na alipofika njia panda hakukata kuelekea shuleni.

Alipanda ngazi za jengo zisizokuwa na kuta za kushikilia, pumzi zikimwishia, mpaka ghorofa ya tano. Mafundi walikuwa wamesimama. Kemboi alikuwa na mfuko wake begani. Mzee Ogola, mtu mnene mwenye kofia ya jua, alikuwa anamwandikia barua ya kumwachisha kazi, karatasi ikiwa juu ya goti.

"Huyu mtoto ametoka wapi?" Mzee Ogola aliuliza. "Khaemba, si huyu wako?"

"Naliaka, shule je?" Baba yake alikuja haraka. "Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani hakuna kitu, Baba." Alitaka kumnong'onezea. Kisha alimwona Kemboi, akajua kwamba jambo lililosemwa mbele ya watu wote halirekebishwi kwa kunong'ona. "Ukuta wa Kemboi uko sawa. Pimamaji yako ndiyo mbovu. Niliiangusha Jumapili. Nikakishika kichupa kwa nta."

Chini, garimoshi lilipiga honi likiingia stesheni.

Mzee Ogola aliweka karatasi kando. Alichukua pimamaji ya Khaemba, akaiweka juu ya ukuta. Kipovu kilikaa katikati, kimetulia. Baadhi ya mafundi walianza kunung'unika kwamba mtoto anamtetea rafiki yake. Mzee Ogola aliigeuza. Kipovu kikateleza mpaka mwisho wa kichupa, kikabaki huko. Alikwangua pembeni kwa ukucha, na kipande cha nta kikatoka.

Khaemba alitazama nta ile kwa muda. Naliaka alingoja kofi. Alikuwa amejitayarisha kwa kofi tangu Bondeni. Baba yake alimpita, akaenda mpaka mbele ya Kemboi, akavua kofia.

"Ndugu yangu, nimekukosea," alisema, kwa sauti iliyosikika na kila mtu. "Mtoto ameangusha chombo, hilo ni lake. Lakini kukigeuza kabla ya kazi ni kazi yangu, na sikukigeuza. Hata jicho langu liliniambia Jumanne kwamba ukuta unainama. Nikaona ni rahisi zaidi kukulaumu wewe."

Kemboi alitazama miguu yake. "Yamekwisha, fundi," alisema, akaushusha mfuko.

Mzee Ogola alirarua barua vipande viwili. "Zege halimwagwi leo," alisema. "Bomoeni ukuta wa mbele, safu zote za wiki hii. Na wewe, binti, baada ya shule utakuja hapa kila siku. Kila jiwe litakaloshuka, wewe ndiye utakayelikwangua simiti mpaka liwe safi. Lakini sasa nenda darasani. Nimekuonea huruma, usiipoteze."

Kwa siku nane Naliaka alikwangua mawe. Viganja vilimchubuka, vikapona, vikachubuka tena. Chemutai alikuja siku ya pili. Alisimama mbali kwa muda, kisha akaokota kipande cha chuma na kuketi kando yake. "Usiwaambie darasani," alisema.

"Kwamba nini?"

"Kwamba ninabeba mawe."

Walicheka mpaka Mzee Ogola akawafokea kutoka juu.

Ghorofa ya tano ilimalizika mwezi wa Septemba, na kona yake ilikutana jiwe kwa jiwe. Mzee Ogola alimchagua Kemboi kwenda naye Nairobi. Khaemba alimsindikiza stesheni mwenyewe, na akampa mwiko wake wa zamani.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka Naliaka juu ya paa. Ziwa lilionekana lote, na ukingo wake wa waridi uliojaa ndege aina ya heroe. Nyuma kulikuwa na mlima wa Menengai, na Bondeni chini ikiwa kama sanduku la mabati. Naliaka alitafuta kati ya mapaa mpaka akapata la kwao. Lilikuwa dogo sana.

"Ungekuwa Nairobi sasa, Baba," alisema.

"Ningekuwa. Na siku ile ya stesheni nilihuzunika kidogo, sitakuficha." Khaemba aliketi juu ya ukingo. "Sikiliza, Mama. Kosa lako lilikuwa safu moja asubuhi ya Jumatatu. Ungelisema siku hiyo, ningelibomoa kabla ya chai ya saa nne, na ningekuchapa kidogo, na lingeisha. Uliponyamaza, kila siku iliongeza jiwe juu yake, mpaka likakaribia kumwangukia mtu asiye na hatia. Ukweli unatakiwa usemwe ukuta ukiwa bado mfupi. Lakini ulisema kabla ya zege, mbele ya watu wote, na hilo silisahau."

Alifungua blanketi, akampa pimamaji. Kichupa kilikuwa kimeshikwa kwa plasta mpya, nyeupe.

"Pima huu ukingo wa mwisho."

Naliaka aliiweka juu ya jiwe. Kipovu kilitembea, kikatulia katikati. Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akilikunja blanketi.

Naliaka akaigeuza.