Sitini Kati ya Ngapi?

Kila alasiri baada ya shule, Kasyoka alichota maji, akawafungia mbuzi zizini, kisha akaketi mlangoni pa jikoni na daftari lake la Hisabati. Aliishi na mama yake karibu na soko la Migwani. Mtihani wa Gredi ya Sita ulikuwa umebakiza siku nne. Kuzidisha na kugawanya hakukumsumbua. Maswali ya asilimia yaliyoandikwa kwa maneno ndiyo yaliyomshinda. Katika jaribio la mwisho alikosa yote matano.

"Wewe ukiona nambari unairukia kama mbuzi aliyeona shamba la watu," Hibaq, mwenzake wa dawati, alikuwa amemtania asubuhi. "Soma kwanza!"

Jioni hiyo mama alifungua kitambaa kibichi. Kila mwaka kabla ya mvua alijaribu mbegu zake za ndengu kwa kuzifunga humo siku tatu. Safari hii alikuwa ameweka hamsini, na arobaini na tano zilikuwa zimetoa vimizizi.

Jirani yao, Mzee Kyule, akaingia uani akitabasamu.

"Mama Kasyoka, zangu nilizojaribu zimeota sitini! Nipe debe lako la mbegu nilishe kuku, nami nikupe langu moja ukapande."

"Mwaitu, chukua za Mzee Kyule," Kasyoka akamwambia mama yake papo hapo. "Sitini ni nyingi kuliko arobaini na tano."

Mama akalitazama debe. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu yao yote ya msimu.

"Sitini kati ya ngapi, Kyule?"

"Themanini. Kwani?"

Kasyoka alihisi uso ukimchoma. Alishika penseli, akagawanya, akazidisha kwa mia, kisha akarudia ili kuhakikisha.

"Mwaitu, nimekosea. Zetu zimeota asilimia tisini. Zake ni sabini na tano tu."

Mzee Kyule alijikuna kidevu, kisha akacheka. "Basi kuku watakula zangu! Mama Kasyoka, hukosi kibaba cha kunigawia?"

Siku ya mtihani, swali la kumi na tisa lilisema: *Mfugaji alikuwa na mbuzi 80. Aliuza asilimia 25, kisha akampa dada yake asilimia 10 ya waliobaki. Alibaki na mbuzi wangapi?* Kasyoka alitoa ishirini, halafu akaandika nane. Jibu la hamsini na mbili lilikuwapo kwenye karatasi, likimngoja. Mkono ukasita. Asilimia kumi ya ngapi? Si ya themanini. Ni ya sitini. Alifuta nane, akaandika sita, akachagua hamsini na nne.

"Swali la mbuzi?" Hibaq aliuliza walipotoka nje.

"Hamsini na nne."

"Sawa kabisa! Mimi baba yangu anauza mbuzi mjini Mwingi, ningekosa hilo ningelala wapi?"

Jumamosi, wakipanda ndengu, Kasyoka alimsimulia mama kisa hicho. Mama aliufukia mstari kwa mguu kabla ya kusema.

"Nambari ikiwa peke yake haikuambii kitu, mwanangu. Iulize imetoka katika kundi lipi. Na ukigundua umekosea, sema mara moja, kama ulivyosema mbele ya Kyule. Ungeona haya ukanyamaza, leo tungekuwa tunapanda mbegu za kuku."